Mkalimani na Ng'ombe Wasiohesabiwa

Mtu wa kwanza niliyemshuku kwa bidii, jinsi wengine wanavyosomea mtihani, alikuwa mkalimani wa korti ya Kajiado. Alikaa Kitengela, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ukivuka mtaro uliochimbwa nusu ukaachwa. Hakuna aliyemwita kwa jina. Wenyeji walimwita Mkalimani, sisi tuliohamia kutoka magharibi tulimwita Mkalimani, na mkewe akimtuma dukani alisema, "Mkalimani, leta sukari, na usirudi na stori za korti."

Wazazi wangu walinunua ploti hapo mapema miaka ya tisini, wakati pundamilia walikuwa bado wanalala nyuma ya choo chetu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliheshimu mtu yeyote aliyeingia kazini na tai. "Huyo ni mtu wa serikali," alikuwa akisema. Kwangu, hilo ndilo lililoleta shaka.

Msimu wa mvua alitoka asubuhi na gambuti miguuni na viatu vyeusi ndani ya mfuko wa nailoni. Udongo wa Kitengela ukilowa unamshika mtu kama deni la ukoo. Akifika lami aliketi juu ya jiwe, akavaa viatu, akaziacha gambuti kwa mama muuza sukumawiki, akaenda Kajiado aking'aa. Nilimwona hivyo miaka na miaka, nikajiuliza: mtu anayeficha tope lake kwa muuza mboga anaficha nini kingine?

Halafu kulikuwa na kimya chake. Ukimwambia jambo alifumba macho mpaka umalize, akangoja kidogo, ndipo akajibu. Wazee waliona ni heshima. Mimi niliona ni mtu anayechagua. Na hakuwa na maoni. Uliza nani atashinda uchaguzi, uliza kama serikali ilikosea kugawa ranchi za jamii kuwa ploti, uliza hata kama chai ina sukari ya kutosha: alikwambia fulani anasema hivi na fulani anasema vile. Nilipokuwa kidato cha nne nilimuuliza wazi, "Na wewe, Mzee, unasemaje?" Akafumba macho. "Mimi hakuna aliyeniuliza miaka mingi," akasema. "Ngoja nifikirie." Bado nangoja.

Kuna kisa ambacho watu walimwekea kinyongo kwacho. Mfugaji mmoja aliyeshtakiwa kwa kulisha ng'ombe katika shamba la mtu alimtusi hakimu kwa Kimaasai, polepole, kwa sauti ya heshima, akiamini kwamba tusi litafia hapo. Mkalimani alilitoa lote, kuanzia mama mzazi hadi mkia. Yule mtu akalala rumande kwa kudharau korti. Jamaa zake walikuja kumwambia Mkalimani kwamba angeweza kumeza maneno mawili tu, nani angejua?

"Nikimeza tusi lake leo," aliwajibu, "kesho nitameza kilio chake. Tumbo langu moja."

Nilipenda jibu lile kwa siku mbili. Ya tatu nikaona ni jibu zuri mno, na majibu mazuri mno huandaliwa nyumbani.

Kanisani hali ilikuwa vilevile. Mchungaji mgeni kutoka Nairobi alimwomba atafsiri mahubiri. Mchungaji, kwa joto la Roho au la mchana, akasema Yona alimezwa na simba. Mkalimani akatafsiri simba. Akina mama wa mbele wakaangua kicheko, wazee wakauliza simba huyo alifika baharini kwa njia gani, na mchungaji akamgeukia Mkalimani kwa aibu: "Si ungerekebisha, ndugu yangu?" Mkalimani akawatafsiria watu na hilo pia. Hakuitwa tena.

Hakuwa malaika, nisieleweke vibaya. Alirudia kila lawama ya wazee juu ya watu waliozungushia ardhi seng'enge, naye alizungusha ya kwake mapema kuliko wote. Alirudia pia laana za majirani juu ya machimbo ya mawe yaliyokuwa upande wa pili wa korongo, yenye kutikisa vyombo vyetu kabatini kila baruti ilipolipuka, na nyumba yake ilijengwa kwa mawe hayohayo, yaliyokatwa vizuri, kona zimenyooka. Nilipomwonyesha ukutani alisema jiwe halina kosa. Na mara moja, nikiwa nimeenda Kajiado kuchukua kitambulisho, nilimkuta hotelini akila nyama na wakili wa kampuni ileile ya machimbo, wakicheka, sahani moja kati yao.

"Huyo ni adui," nilimwambia baadaye.

"Huyo nimemtafsiria mashahidi zaidi ya miaka kumi, msichana wa Mwalimu. Nikimwona nimrushie mawe?"

"Usile naye."

"Basi wewe leta nyama."

Tabia iliyonisumbua zaidi ni kwamba hakuwa akitia sahihi chochote. Barua za kulalamikia vumbi, maombi ya kupewa maji, orodha ya mchango wa shule: alisoma, akaeleza, akarekebisha, akarudisha kalamu. Alisema sahihi ya mkalimani ni kama mlango wa korti, haikuwekwa hapo kwa pambo. Mimi nilisema moyoni kwamba mtu asiyeacha alama anajua njia anayotaka kupita.

Hadithi moja aliirudia kuliko zote. Miaka ya tisini mfugaji mzee alienda kortini kulalamika kwamba vumbi la kokoto linaua malisho. Akaulizwa: wewe umeumia kuliko majirani zako? Mzee akajibu hapana, wote wameumia sawa. Kesi ikaishia hapo. Sheria ya siku hizo ilimtaka mtu aonyeshe jeraha lake mwenyewe, tofauti na la umma. Maumivu ya watu wote yalihesabiwa kuwa si ya mtu yeyote.

"Neno moja," Mkalimani alisema. "Hapana. Nililibeba kutoka kwake mpaka kwa hakimu, hatua nne. Ningesema ndiyo, labda tungekuwa na malisho."

"Na kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu yeye hakusema."

Kwa hiyo nilipotoka chuo kikuu na shahada ya mazingira na nakala ya sheria mpya ya mazingira ya mwaka 1999, yeye ndiye niliyempelekea kwanza, nusu kwa kiburi. Alikuwa amestaafu. Nilimsomea kwamba kila mtu aliye Kenya ana haki ya mazingira safi na yenye afya, na kwamba anayeitetea haki hiyo halazimiki tena kuonyesha hasara yake binafsi. Aliniambia nirudie.

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hata kama hajaumia kuliko jirani?"

"Hata kama hajaumia kabisa."

Akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida. "Basi yule mzee alizaliwa mapema," akasema.

Mwaka uliofuata mvua ilijaza mashimo ya machimbo, na ng'ombe wa Koko wakanywa humo. Koko, yaani bibi, alikuwa mjane wa Kimaasai ambaye boma lake liko karibu na korongo kuliko boma lolote. Ng'ombe waliokunywa asubuhi walikuwa chini kabla ya jioni. Vijana walipowapasua walikuta damu ina rangi ya kahawa. Mimi nilikuwa nimesoma: mabaki ya baruti huacha chumvi ndani ya maji, na chumvi hiyo huizuia damu kubeba hewa. Wakati uleule kampuni ikapewa leseni ya kupanua machimbo hadi korongoni, kilipo kisima cha mkono ambacho wakati wa kiangazi hunywesha kila mtu, mwenyeji na mpangaji. Ikiwa shimo lilifanya vile kwa ng'ombe, kisima kingefanya nini kwa watoto?

Tulikuwa na siku sitini za kukata rufaa kwenye baraza la mazingira. Kijana mmoja wakili wa Nairobi alikubali kutusaidia. Kilichobaki kilikuwa kiapo cha maandishi cha Koko, na mimi ndiye niliyekuwa karani.

Tuliketi kwake Jumapili baada ya kanisa. Mkalimani alinisalimu "Takwenya" kama alivyomsalimu kila mwanamke aliye mdogo kwake, nikajibu "Iko", tukaanza. Nikamwomba aulize ng'ombe wangapi wamekufa. Koko hakutaja idadi. Alisema juu ya mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Juu ya wa majivu. Juu ya yule aliyeletwa na mahari ya binti yake wa kwanza, na mtoto wa huyo, na mwenye kiuno cheupe aliyepiga teke kila mkamuaji isipokuwa yeye.

"Muulize idadi," nikasema.

Mkalimani akauliza. Koko akanitazama kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha kulala bila kubisha.

"Anasema ukiwahesabu waliokufa, walio hai watawafuata kujaza hesabu," Mkalimani akasema. "Andika rangi. Hiyo ndiyo amesema."

Niliandika rangi. Nikachapa kurasa tatu mjini, tukarudi, akamsomea Koko kila mstari, Koko akaweka kidole gumba ukurasa wa mwisho. Na chini yake, kwa mara ya kwanza machoni pangu, Mkalimani akatia sahihi: kwamba yeye amemsomea mwenye kiapo maneno haya yote kwa lugha anayoielewa. Kamishna wa viapo akagonga muhuri.

Kesho yake wakili wetu alipiga simu kwa Baba. Alitaka nambari. "Ng'ombe wengi si ushahidi," alisema. "Baraza litauliza wangapi."

Mimi nilikuwa nimesoma takwimu. Nilichukua maelezo yangu, nikahesabu rangi, nikapata kumi na moja. Nikachapa upya ukurasa wa pili, nikaondoa ule wa zamani, nikabana kurasa tena. Sikumwambia mtu. Sikuona la kusema. Ilikuwa hesabu ya darasa la pili.

Baraza lilikuja kukaa Kajiado kwa siku mbili. Mtafsiri waliyekuja naye hakujua Kimaasai cha kutosha, mtu akamtaja Mkalimani aliyekuwa ameketi nyuma, na yeye mwenyewe akasimama kusema kwamba ni jirani yetu na kwamba ndiye aliyesoma kiapo. Wakili wa kampuni, yule wa sahani moja, akainuka nusu. "Hatuna pingamizi," akasema. "Tunamfahamu."

 Kwa nini adui awe na imani na mtu wetu?

Wakili huyo wa kampuni alimhoji Koko polepole. Je, huu ni mkono wako? Ndiyo. Je, ulisomewa? Ndiyo. Akageuza ukurasa wa pili. "Unasema hapa ng'ombe wako kumi na moja walikufa. Uliwahesabu vipi?"

Mkalimani akamgeukia Koko na kutafsiri. Koko akashika mkufu wake. Akasema maneno machache, makali. Mkalimani akafumba macho, akafumbua.

"Sijataja nambari," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Nani amehesabu ng'ombe wangu?"

 Mwenyekiti akampa Mkalimani ile karatasi. Sahihi hii ni yako? Yangu. Ulimsomea ukurasa huu? Kwanza akausoma wote, mstari kwa mstari, huku sisi tukingoja.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Ukurasa huu siujui."

Ikawa hivyo. Ikajulikana baadaye kwamba Koko, kwa desturi ya kwao, alikuwa amemtaja ng'ombe mmoja mara mbili, kwa rangi yake na kwa mama yake, kwa hiyo hata hesabu yangu haikuwa kweli. Kiapo kikatupwa, na damu ya rangi ya kahawa ikatupwa pamoja nacho. Leseni ikabaki, kampuni ikaamriwa tu kuzungushia mashimo yake ua. Lililoniuma kuliko yote wakili wetu alinieleza garini, akiwa amechoka: kwa sheria mpya hatukuhitaji idadi kabisa. Yeyote angeweza kukitetea kisima bila kupoteza hata mbuzi. Yeye alitaka nambari ili kesi ipendeze.

Kitengela iliamua kabla ya Jumapili. Mkalimani amekula rushwa. Nani mwingine? Sahihi ni yake, alikula nyama na wakili, kampuni ilimkubali bila pingamizi, na nyumba yake, hebu tazama hayo mawe. Vijana walimwimbia akipita: "Kumi na moja! Kumi na moja!" Mama wa sukumawiki akamwambia gambuti zake zinachukua nafasi. Baba aliniuliza mimi kama naamini. Nilimjibu kwamba tangu utotoni nilikuwa na maswali juu ya mtu yule. Nilisema hivyo, nikamaliza chai yangu.

Na sehemu mbaya ni kwamba niliamini kidogo. Nilikuwa na ushahidi wa miaka mingi juu yake na wa dakika kumi tu juu yangu. Nilijiambia kwamba mwaminifu angesema, "Ndiyo, nilimsomea," akatuokoa. Kwa nini alikimbilia kusema haujui? Mtu husema hivyo akiwa amejiandaa.

Aliuza nyumba, akahamia Oltepesi kwa binti yake, kwenye barabara ya Magadi. Hakuaga.

Mimi nilipata kazi Nairobi katika shirika la kutetea mazingira, nikawa mtu wa kuwafundisha wengine namna ya kuandika viapo. Nusu ya korongo ikaliwa. Kisha, kuelekea mwisho wa muongo, kampuni ikapewa leseni ya nusu iliyobaki, na kisima ndani yake, na siku sitini zikaanza tena. Safari hii tulikuwa na mawakili wa kweli. Hatukuwa na shahidi hata mmoja. Boma baada ya boma walinikaribisha, wakanipa maziwa, wakakataa wino. Koko, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, aliniambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Kidole yangu haiendi tena kwa karatasi. Karatasi inabadilika njiani."

Nilienda Oltepesi.

Nilimkuta kivulini mwa nyumba ya mabati akitengeneza mlango wa zizi la mbuzi, miguu mitupu, vumbi hadi magotini. Alinisalimu "Takwenya".  Nilimweleza kuhusu leseni na wino, nikamwomba arudi kutafsiri.

"Si walisema nimekula?"

"Walisema."

"Na wewe ulisema?"

Hapo ndipo nilipomwambia juu ya ukurasa wa pili. Nilieleza yote, pamoja na sababu, na sababu zilikuwa nyingi. Alifumba macho mpaka nikamaliza. Nilingoja aseme kwamba alijua siku zote, kama wazee wanavyofanya katika hadithi. Hakuwa akijua. Akaliweka chini komeo la mlango alilokuwa ameshika.

"Mimi nilifikiri ni wakili wenu," akasema. "Wewe nilikutoa kwa orodha. Nilisema huyo msichana anauliza sana, mtu wa maswali hawezi." Akapangusa uso. "Mke wangu alikufa akiamini nilikula. Hakusema. Lakini sukari alianza kumtuma mtoto."

"Nisamehe, Mzee."

"Hiyo baadaye. Jumamosi nitakuja. Utasema mbele yao."

"Kimaasai changu hakitoshi."

"Ndiyo maana nakuja."

Jumamosi waliketi nje ya boma la Koko, wazee kwenye viti, akina mama chini, vijana wamesimama. Mkalimani alifika na viatu vyeusi. Hakuna aliyeinuka. Mtu fulani nyuma alisema ile nambari chini ya pumzi na wengine wakacheka. Nilisimama, yeye akasimama kando yangu, mikono nyuma, kama kortini.

Nikaanza. Nilisema kwamba wakati wa kiapo cha kwanza, kwa sababu ya haraka na kutoelewa desturi, kulitokea makosa katika ukurasa wa pili.

Nikanyamaza ili atafsiri. Hakutafsiri.

"Hiyo siwezi kubeba," akaniambia kwa sauti ya chini. "Makosa yalitokea yenyewe? Yana miguu? Sema nani alifanya nini."

"Nilikosea, Mzee."

"Ulikosea, ama ulidanganya? Nichagulie. Siwezi kuchagua mimi."

Wote walikuwa wananitazama. Niliona kisima nyuma ya vichwa vyao, na nyuma yake ua wa machimbo.

"Nilidanganya," nikasema. "Nilibadilisha ukurasa baada ya Koko kuweka kidole. Huyu hakujua. Walipomlaumu nilijua, nikanyamaza."

Mkalimani wa korti hasemi "anasema". Anasimama mahali pa msemaji na kusema "mimi". Kimaasai changu ni kidogo, lakini maneno hayo niliyafuata yote. Aliwageukia watu waliomwita mwizi, akanyoosha mgongo, na kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa vijana waliosimama, akasema, "Nilidanganya. Mimi ndiye nilibadilisha ukurasa." Hakuongeza neno, hakunipunguzia. Minong'ono ikapanda. Mzee mmoja akamnyooshea fimbo, akiamini amekiri hatimaye, naye hakuinua mkono kujitetea, kwa sababu nilikuwa sijamaliza kutafsiriwa.

Koko aliinua kiganja, wakanyamaza. Akamtazama Mkalimani muda mrefu. Kisha, polepole, macho yake yakahama hatua moja kando, yakaja kwangu, yakakaa hapo.